Gari Lisilotaka Kupona

Fundi alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, akasubiri, akakunja uso. Kioo cha mashine kilikuwa kimeandika wazi kwamba gari halina hitilafu.

"Mzee," alisema, "sasa ni koili ya silinda ya tatu."

Mwenye gari, dereva mstaafu wa malori, aliitikia kwa kichwa, akauliza kama plagi zimekaguliwa. Fundi akajibu zimekaguliwa, masikio yakimwaka moto. Kwa miaka kumi na tisa ya ufundi hakuwahi kumwambia mteja kwamba gari lisilo na kasoro ni bovu. Sasa hii ilikuwa wiki ya tano anamdanganya mtu wa umri wa baba yake.

Mwanzoni ugonjwa ulikuwepo kweli. Gari liliingia gereji taa ya injini ikiwaka. Mashine ikatoa herufi yake na tarakimu nne, maana yake injini inavuta hewa kupita kiasi. Fundi akapapasa chini ya boneti mpaka akaukuta mpira wa hewa uliopasuka. Akaubadilisha, akafuta kosa kwenye kompyuta ya gari, akalizungusha mtaani huku Mzee akimsubiri langoni. Kabla ya adhuhuri lilikuwa linaunguruma kama paka aliyeshiba.

Jioni ile binti wa Mzee akapiga simu. Alisema macho ya baba yake yameharibika. Juzi alimpungia mkono jirani kando ya barabara, kumbe jirani mwenyewe ni nguzo ya umeme. Alitaka kumnyang'anya funguo, lakini hakujua aanzie wapi.

"Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha," alisema. "Nikimwambia aache, nitakuwa nimemvunja. Wewe mwambie tu halijapona."

Fundi alikubali, akidhani ni mambo ya siku mbili tatu. Tangu hapo, kila Jumatatu binti alimleta baba yake kumjulia hali mgonjwa. Fundi alianza na sensa, akahamia pampu ya mafuta, na alipoishiwa akasema kompyuta ya gari imeanza kusahau.

"Kumbe nayo husahau?"

"Husahau, Mzee."

"Basi tumezeeka pamoja."

Mzee hakukasirika hata mara moja, wala hakuuliza gari litatoka lini. Upole huo ndio uliomkosesha fundi usingizi. Angetukanwa, angepata nafuu. Hata mkewe alimwambia kwamba siku hizi anaongea ndotoni, na anachoongea ni habari za koili.

Jumatatu iliyofuata aliamka ameamua. Binti alipomshusha baba yake na kwenda kutafuta pa kuegesha, fundi alimwingiza Mzee ofisini, akamvutia kiti na kufunga mlango. Mikono ilikuwa safi, lakini aliendelea kuifuta kwa kitambaa.

"Mzee, nina neno la kukuambia, na sijui utalipokeaje."

"Nami ninalo," Mzee alisema. "Langu ni fupi, acha nitangulie."

Akauliza kama binti yake amekwisha kuingia. Fundi akasema bado. Mzee akavuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Gari lilipona siku ile ile, nililisikia likirudi. Kwa nini unanidanganya sijui, wala sikuulizi. Nakuomba tu uendelee. Ila koili haiuguzwi wiki nzima, mwanangu, leo sema giaboksi. Binti yangu akijua kwamba sioni, atanishika mkono hata nikienda chooni."