Hodi Pasipo Mlango

Ukuta uliougawa mji ule ulishavunjwa, ukabaki mstari wa lami mpya. Lwitiko, mgeni wa siku mbili, aliuvuka bila kufikiri.

“Wewe mwanangu!” muuza vitumbua akamfokea kutoka nyuma. “Mbona hupigi hodi?”

“Kwani mlango uko wapi, mama?”

“Ndiyo hivyo! Miaka thelathini hatukuwa na mlango. Dada yangu yumo nyumba ile mbele yako. Nilikuwa nasikia kikohozi chake tu. Sasa hapa hapapitwi kimyakimya. Rudi!”

Lwitiko alicheka, akamtazama usoni, akaacha kucheka. Akarudi alikotoka, akavua kofia.

“Hodi, wenyewe!”

Dirishani mwa nyumba ile kikasikika kikohozi, kisha sauti ya kikongwe: “Karibu, baba. Karibu ndani.”