Sahihi ya Ishirini

Fundi cherehani alikibamiza kile kitabu mezani mpaka miwani ya mkutubi ikamshuka puani.

"Kiondoke! Leo leo!"

Chumba cha kusomea kikalipuka kwa makofi. Kila Jumamosi wasomaji hukutana hapo kuzungumzia kitabu kimoja, na kwa kawaida huja watu saba, watatu kati yao wakifuata upepo wa feni tu. Leo viti havikutosha. Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya virusi vya kuua vinavyoanzia wodi ya watoto, kwa kuwa mganga mkuu amewaficha wagonjwa watatu wa kwanza, ili jina la hospitali yake lisichafuke. Aliyekiandika alijificha nyuma ya jina la kubandika ambalo hakuna aliyelijua.

"Mimi nilifika ukurasa wa arobaini nikakitupa uvunguni," alisema mwalimu wa hesabu. "Mtu anatapika damu kurasa sita! Damu yote hiyo anaitoa wapi, ana bomba?"

Wakacheka. Muuza dawa akadakia, "Na mimi wateja wamenimalizia barakoa zote kwa ugonjwa ambao haupo!"

"Sasa wewe si ungemnunulia mwandishi soda?" mwalimu alimtania.

Karani wa hospitali peke yake hakucheka. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mganga mkuu wetu anasema hiki kimeandikwa na mtu wa ndani. Jumatatu anaanza kutuita mmoja mmoja. Akimpata, huyo mtu ameshakula jeuri yake. Hospitali haikanyagi tena, si yetu wala ya wengine."

Fundi cherehani aligeuka nyuma. Akakitazama kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, alikoketi binti yake, mikono mapajani, kama mtoto aliyeletwa kuchomwa sindano. Asubuhi alikataa katakata kuja. Mama ndiye aliyemvuta mkono njia nzima.

"Mnamwona yule? Binti yangu yule. Anafanya kazi maabara, huko huko hospitali. Tangu kitabu hiki kiingie mjini, hali, halali. Simu ikilia tu, moyo unamlipuka. Kazini ndipo hataki hata kupasikia. Nimemlea peke yangu miaka ishirini na sita, leo nije ninyang'anywe na kitabu?"

"Pole, mama," walisema wa mbele. "Hawa waandishi hawana huruma hata kidogo."

"Na huyu mwandishi hana mama," alisema muuza dawa. "Angekuwa naye, angeshachapwa zamani."

"Angekuwa wangu," alijibu fundi cherehani, na sauti ikampanda kuliko alivyotaka, "ningemfungia ndani!"

Kicheko kikaezua paa. Binti aliinua macho akamtazama mama yake, kisha akayateremsha.

Kanuni ya maktaba ilikuwa fupi: wanachama ishirini wakitia sahihi, kitabu kinatolewa rafuni na kufungiwa stoo. Mama alikuwa ameipiga karatasi mistari mwenyewe kwa rula ya kukatia nguo, akaandika jina lake juu kabisa, kwa zile herufi kubwa alizofundishwa shule ya msingi. Alichotaka ni kimoja tu: mwanawe ale, alale, arudi kuwa mtu.

Karatasi ikaanza kuzunguka. "Mwongo." "Muuza hofu." "Mchafu wa roho." Kila aliyetia sahihi alitia na tusi, utadhani kalamu ilikuwa haiandiki bila hilo. Mama aliitikia kwa kichwa kila mara, bila kugeuka nyuma.

Ilipomfikia mkunga mstaafu, yeye akaisukuma.

"Sitii. Wodi ile nimeifanyia kazi miaka thelathini. Aliyeyaandika haya anaijua."

"Bibi, unamtetea mzushi?" karani alimuuliza.

"Nimesema sitii, mjukuu wangu. Usinikodolee macho, mimi ndiye niliyemzalisha mama yako."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Mkutubi akaipokea karatasi, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Kumi na tisa. Imepungua moja."

"Haijapungua," alisema fundi cherehani.

Akaichukua karatasi. Akapita katikati ya viti hadi mlangoni. Akamwekea binti yake karatasi mapajani na kumshikisha kalamu vidoleni kama alivyomshikisha ya kwanza utotoni.

"Tia, mwanangu. Tia wakuone."

Shingo zote ziligeuka. Karani alikunja mikono, akamkazia macho. Binti aliisoma karatasi polepole kuanzia juu kabisa, penye jina la mama yake, akashuka jina kwa jina. Halafu akatia sahihi.

Makofi yakapigwa mpaka madirisha yakatetemeka. Karani aligeukia mbele, mkutubi akakibeba kitabu kukipeleka stoo. Mama alimkumbatia binti yake kwa nguvu zote, akalia kama mama ambaye mtoto wake ameopolewa mtoni.

"Haya, mama," binti alimnong'oneza sikioni. "Sasa hakuna atakayenidhania kwamba ni mimi niliyekiandika."