Samaki wa Dukani

Bi Tumu alichomeka fimbo yake ya kuvulia kwenye kishikio cha plastiki kilichofungwa kwenye kaunta, akamkabidhi muuza duka ncha ya mshipi.

"Leo wewe ndiye samaki, Nyange. Vuta!"

Nyange akavuta. Kishikio kikakatika, naye akaangukia rundo la ndoo. Walicheka mpaka machozi.

Wakajaribu cha chuma. Nyange alivuta hadi jasho likamtoka, kishikio wala hakikutikisika.

"Hiki ndicho. Nifungie viwili."

"Viwili? Si unavua peke yako miaka yote, mama?"

"Nilikuwa," alisema Bi Tumu, akitengeneza mtandio wake.

Nyange akachungulia dirishani. Ndani ya boti ya Bi Tumu, iliyofungwa pale ufukweni, mwanamume mwenye mvi, fimbo yake ya kuvulia kwapani, alikuwa akipangusa kiti cha pili, kile kilichozoea kubeba ndoo.