Mkono Katikati

Ukuta wa chumba changu cha gesti uligongwa tena, na mwanamke wa upande wa pili akasema polepole, "Utaniua, baba watoto."

Mimi ninaugua saratani ya damu, ile isiyopona, na imenila mifupa hadi imebaki biskuti. Daktari aliniruhusu kusafiri kwa sharti moja: nisijigonge popote. Nikavaa kandambili, nikaenda kujigonga.

Mlango wao haukufungwa. Mume alikuwa amemkamata mkewe nywele, na mkono wa pili umeshika mguu wa stuli uliong'oka. Mashuka yalikuwa yamelowa damu ya pua.

"Bibi, toka. Haya ni ya ndani."

"Ya ndani wapi, mwanangu? Mapokezi wameshazima redio wakusikilize."

Akauinua ule mguu wa stuli juu ya kichwa cha mkewe, akaushusha kwa nguvu zake zote. Nikaupitisha mkono wangu katikati.

Ulilia kama muwa unaovunjwa gotini. Mfupa ukachungulia nje ya ngozi, mweupe pe. Miaka yote hii sikujua nimebeba kitu kizuri hivyo. Kisha damu ikaja, na yangu mimi haijui kuganda.

"Nimekugusa tu, bibi," mume akasema, mguu wa stuli umemdondoka.

"Nakufa," nikamjibu nikijilaza sakafuni, na wala sikumdanganya, muulize daktari.

Watu wakajaa mlangoni. Mke akanitazama. Nikamkonyeza.

Akafuta pua, akawageukia.

"Amemuua bibi wa watu," akasema.

Nikafumba macho.