Bapa Lililokatika

Mzee Pyo alipoweka sinia lake mezani, Ok Miran alisimama na la kwake. Miaka minane alikuwa akimhama hivyo kwenye kantini ya kituo cha utafiti wa injini za ndege, pale mjini Changwon.

"Kaa, Mhandisi Ok. Nahama mimi. Supu yako itapoa."

"Ipoe. Mume wangu alipoa kabla yake."

Pyo ndiye aliyebuni injini ya ndege ya majaribio iliyotumbukia baharini na mume wa Miran, Kapteni Tak, rubani aliyekuwa peke yake ndani. Injini haikuopolewa. Ripoti, iliyoandikwa na Pyo mwenyewe, ilisema bapa moja la feni ndani ya injini lilikatika kwa makosa ya mchoro. Pyo alivuliwa ukuu, akapewa dawati la kuhakiki orodha za hatari.

Miran aliacha kazi ya kuchora meli akaja hapo kwa sababu moja tu. Alitaka injini mpya ya ndege za kivita ivunjike kwenye kompyuta hata mara elfu, kabla chuma hakijakatwa, kabla mume wa mtu hajaipanda.

Lakini ili wakubwa waiamini kompyuta yake, ilibidi kwanza iigize ajali ya kweli ambayo chanzo chake kinajulikana. Akachagua ya mumewe.

"Chukua ajali nyingine," Pyo alimwambia mkutanoni. "Hiyo ina vipimo vichache."

"Vinatosha kukuaibisha mara ya pili."

Wenzao wakainamia vikombe vyao vya kahawa.

Miran aliilisha kompyuta mchoro wa zamani, pamoja na vipimo ambavyo ndege ilikuwa ikivituma ardhini mpaka inazama. Bapa halikukatika. Akalidhoofisha kwa makusudi, likakatika, ila mistari ya mtetemo kwenye grafu haikufanana hata kidogo na ya siku ile. Wiki tatu akajaribu kila hitilafu aliyowahi kuisoma. Hakuna iliyokubali.

Ijumaa akajaribu jambo ambalo si hitilafu: mafuta yafungwe kwa mkono, kutoka kiti cha rubani, na yaachwe hivyo sekunde zote kumi na moja za mwisho.

Mistari ikalaliana ikawa mmoja.

Alirudia mara tano. Kisha akaenda na karatasi hadi dawati la Pyo, akaiweka mbele yake bila salamu. Mzee hakuitazama. Alifungua droo, akatoa karatasi nyingine iliyochakaa kwenye mikunjo. Mistari ileile. Tarehe yake ilitangulia ile ya ripoti kwa siku mbili.

"Niliileta nyumbani kwako nikuonyeshe, Mama Garam," alisema. "Mwanao ndiye aliyenifungulia mlango. Akaniuliza nani amemwangusha baba yake, nikamwambia ni mimi."