Neva za Kuazima

"Nileteeni seli shina yoyote, ambayo bado haijaamua iwe nini, hata iliyo kaidi," Bosi alikuwa akiwaambia wageni mlangoni, "nami kwa molekuli zangu tatu ndogo nitaielekeza kwa adabu mpaka iwe neva. Haijanikatalia hata moja."

Zilikuwa zimemkatalia zote. Asubuhi ile, kabla wageni hawajafika, alifungua inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, akazikuta zimejikalia viduara vilevile, kama watoto walioambiwa wakaoge. Molekuli zimezimeza, ushauri zimeukataa.

Na wageni hawa hawakuja kunywa chai. Wakiona neva, maabara inabaki. Wasipoziona, chumba wanapewa majirani, na Bosi anarudi kufundisha baiolojia kidato cha kwanza.

Ndipo alipomkumbuka shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, wa maabara ya jirani. Inkubeta walikuwa wakichangia. Akampigia simu.

"Shem, seli zako za rafu ya juu zimeiva?"

"Zimeiva, shemeji. Zimeshikana vizuri, tena hazitulii."

"Basi zimeiga zangu."

"Kwani zako zimefika wapi?"

"Mbali," akasema Bosi, akakata simu.

Akachukua kisahani kimoja, akafuta jina la shemeji kwa spiriti, akaandika lake kwa mwandiko wa kujiamini. Akachungulia hadubini mara moja: nyuzi ndefu, zimeungana. Yatosha. Tangu apewe ofisi yenye zulia, Bosi hakuwa mtu wa kuchungulia mara mbili.

"Hizi hapa," akawaambia wageni, picha ikijaa ukuta mzima. "Zilikuwa hazijui kesho yao. Nikazishika mkono. Sasa ni ubongo huo."

Mwenyekiti wao, mama mmoja asiyecheka, akasogeza kiti.

"Umezilea mwenyewe?"

"Kama wanangu, mama."

"Majirani hawakukusaidia?"

"Majirani?" Bosi akatabasamu kwa huruma. "Wale huja kuchungulia tu."

Mama akaandika kitu, akaonekana kuridhika. Bosi akaanza kuwaza zulia jipya.

Taa ya hadubini ilikuwa imekipasha joto kisahani kilichokuwa kimepoa nje ya inkubeta. Mlango ukafunguka, shemeji akaingia akitafuta kitu, macho yake yakaganda ukutani.

Seli zilijikunyata kidogo, zikaachia. Zikajikunyata tena, safari hii zote kwa pamoja. Kisha ukuta mzima ukawa unadunda: du-du, du-du, du-du.

"Shemeji," akasema yule dada taratibu, "seli zangu za moyo zimefikaje huku?"