Tulipu za Piroska

Baada ya miaka mitatu ya "njoo kesho", wakubwa wa mji walimruhusu Balinti aingie makumbusho kumwona marehemu mkewe, Piroska, katika picha ya kuchorwa. Picha nyingine hakuwa nayo. Mchoraji alimvunja Piroska vipande kama kioo, uso pembetatu, mabega mraba, ila ile aproni yenye maua ya tulipu aliiacha kama Piroska alivyoitarizi mwenyewe.

Balinti alitazama, akashika kifua. "Mmemtundika kichwa chini!"

"Mzee, hiyo ni sanaa ya kisasa," alisema mlinzi. "Ameitundika mkurugenzi mwenyewe. Amesoma yule."

"Amesoma nini, kama hajui ua linaota kwenda juu? Wake zetu huanza kutarizi kwenye pindo, tulipu zikapanda mpaka kiunoni. Hizi zimening'inia kama popo. Mgeuze, mwanangu."

"Nikigusa tu, sina kazi."

"Ndio wakubwa hao. Hata maiti watamzika kichwa chini."

Akavua koti, akajilaza chali sakafuni, utosi ukielekea ukutani, akainua macho. Polepole vipande vikaanza kusogeleana. Pembetatu ikalainika ikawa shavu. Doa jeusi likawa jicho, likamtazama kama lilivyomtazama asubuhi zote zile. Tulipu zikaanza kupanda.

"Umekonda," alimnong'oneza.

Viatu vya mkurugenzi vikasikika ngazini. Mlinzi alitazama mlango, akatazama picha, kisha akainamisha kichwa upande, akakiinamisha zaidi, mpaka kofia ya kazi ikamwanguka.